Mwezi ni mmoja, mbona Idi mbili?

Jioni ya Jumamosi, Machi 29, 2025, simu zetu hazikupumua. Saudia imetangaza kwamba mwezi umeonekana na kesho ni Idi. Oman, inayopakana na Saudia jangwa kwa jangwa, ikasema haujaonekana, Idi ni Jumatatu. Kwetu Tanzania na Kenya wengi walikuwa chungu cha 28, maana walianza kufunga Machi 2, siku moja nyuma ya Saudia, na Idi yao ikatangazwa kuwa Jumatatu, Machi 31. Lakini wapo ndugu zetu, wa miji ileile na mitaa ileile, walioanza pamoja na Saudia na wakasali Idi Jumapili. Huku takbira, huku watu wana swaumu zao na alasiri wanapanga foleni ya kaimati za futari.

Swali linaloulizwa kila mwaka ni hilohilo. Dini moja, Mtume mmoja, kibla kimoja, mwezi mmoja, mbona Idi mbili? Majibu yake mara nyingi ni makali. Huyu anamwita mwenzake mkaidi, yule anamwita mwenzake kibaraka wa Waarabu. Nimekaa kwenye baraza nyingi nikisikiliza ubishi huu, na nimefikia mahali pa kuamini kwamba pande zote mbili zinatendeana dhuluma. Hakuna aliyezusha. Kilichotokea ni kwamba dunia imebadilika mikononi mwetu, na dini inajibu mabadiliko hayo kwa vitabu vyake yenyewe.

Tuanze na maneno, kwa sababu nusu ya ugomvi imo humo. Mwezi kuandama ni kuonekana kwa hilali, ule ukucha mwembamba upande wa magharibi jua likishazama. Siku ya Kiislamu huanza magharibi, na Mswahili hahitaji somo hilo: usiku wa Ijumaa kwetu ni ule wa kuamkia Ijumaa, na saa moja ya usiku ndiyo saa ya kwanza baada ya jua kutua. Kwa hiyo mwezi ukiandama jioni, mwezi mpya umeshaingia palepale, na ukiwa ni Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, tarawehe hazisaliwi tena usiku huo. Matlai ni mahali mwezi unapochomozea machoni pa watu, yaani upeo wa anga wa eneo fulani. Falaki ni elimu ya mwendo wa nyota na sayari, na hesabu za falaki ndizo zinazotabiri mwezi utakuwa wapi.

Juu mbinguni

Mwezi huzunguka dunia na kurudi mahali pake kati yetu na jua kwa wastani wa siku 29, saa 12 na dakika 44. Ndiyo maana mwezi wa Kiislamu ni siku 29 au 30, haupungui wala hauzidi hapo, na mwaka wake ni mfupi kwa siku 11 hivi kuliko mwaka wa kalenda ya ukutani.

Dakika ile mwezi unapopita kati ya jua na dunia, wanafalaki husema mwezi umezaliwa. Wakati huo haumulikwi upande wetu, hivyo hakuna cha kuona. Kisha unaanza kuliacha jua taratibu, kama nusu digrii kila saa. Ukishalikimbia vya kutosha, ukingo wake unaanza kung'aa upande wetu, na ukibaki angani kitambo baada ya jua kuzama, jicho linaweza kuupata.

Hapa pana tofauti ambayo watu wengi wanaichanganya. Kuzaliwa kwa mwezi kunajulikana hadi dakika, miaka mingi kabla. Kuonekana kwake ni jambo jingine. Kunategemea umbali wake na jua, urefu wake juu ya upeo, mawingu, vumbi, na macho ya mtazamaji. Ni kama mimba na mtoto kusikika akilia barazani: la kwanza linapimwa, la pili linasubiri watu wawe karibu na mlango uwe wazi.

Tena dunia ni mviringo. Jua linazama Dar es Salaam karibu saa nne kabla ya kuzama Dakar. Katika saa hizo mwezi umezidi kukua na kuliacha jua. Kwa hiyo inawezekana kabisa watu wa Senegal wauone jioni ileile ambayo watu wa Mrima wametazama mpaka macho yakawauma wasione kitu. Hakuna mwongo kati yao.

Ile "-ni" ya "fungeni"

Hadithi inayotegemewa na wote ni moja: fungeni kwa kuuona, na fungueni kwa kuuona, na mkifunikwa na mawingu basi kamilisheni siku thelathini. Itazame ile "-ni". Kwa Kiarabu pia amri ni ya watu wengi. Sasa ni ninyi akina nani? Watu wa kijiji kimoja, watu wa upeo mmoja wa anga, au Waislamu wote waliopo juu ya ardhi?

Wanazuoni waliulizana swali hili miaka elfu na zaidi kabla ya simu. Kauli iliyopokelewa zaidi kwa madhehebu ya Wahanafi, Wamaliki na Wahanbali ni kwamba ukionekana mahali pamoja, umewalazimu wote waliopata habari. Washafii, ambao ndio wengi wa pwani yetu, wakasema kila watu na matlai yao. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, alitaja kwamba wapo wanaopima ukaribu kwa umbali wa safari ya kufupisha sala, kisha akaona sahihi zaidi ni kupima kwa matlai.

Tegemeo la Washafii ni kisa cha Kurayb kilichomo katika Sahihi Muslim. Kurayb alitumwa Sham, yaani upande wa Syria ya leo, kwa Muawiya aliyekuwa mtawala, na akiwa huko mwezi ukaandama usiku wa Ijumaa. Mwisho wa mwezi akarudi Madina. Ibn Abbas, sahaba na binamu wa Mtume, akamuuliza mliuona lini, akamwambia. Ibn Abbas akasema sisi tuliuona usiku wa Jumamosi, basi tutaendelea kufunga mpaka tutimize thelathini au tuuone. Kurayb akauliza, haikutoshi kuona kwa Muawiya na funga yake? Akajibu hapana, ndivyo Mtume alivyotuamrisha.

Kisome tena kisa hicho ukiangalia saa. Habari ya mwezi wa Sham ilifika Madina mwisho wa Ramadhani. Ilikuja na mtu juu ya mnyama, wiki kadhaa baada ya tukio. Wanaosema mwezi ukionekana popote umewalazimu wote wanajibu kwamba kwa hali hiyo Ibn Abbas asingeweza kuitumia ile habari hata angetaka, kwani watu wa Madina walishaanza funga zamani. Washafii wanasema hapana, maneno yake yako wazi. Kisa ni kimoja, na kila upande una haki ya kukishika.

Kutoka jahazi hadi kiganjani

Kwa karne nyingi khitilafu hii ilikaa ndani ya vitabu bila kumuuma mtu. Fikiria Unguja ya kale. Jahazi linakuja kutoka Maskati na upepo wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi. Ramadhani ikiangukia msimu wa kusi, hakuna jahazi linalokuja kutoka huko, linaloonekana baharini ni lile linalokwenda. Mtu wa Unguja aliyeamini kwa moyo wote kwamba mwezi wa Oman unamlazimu asingekuwa na njia ya kuujua. Yeye na jirani yake Mshafii wangefunga siku moja na kusali Idi moja, na pengine wasijue maisha yao yote kwamba wanatofautiana.

Mwaka 1879 waya wa simu ya maandishi (telegrafu) uliolazwa chini ya bahari ukafika Zanzibar kutoka Aden. Kote katika ulimwengu wa Kiislamu nyaya hizo ziliwatia wanazuoni kwenye kazi mpya. Shahidi wa mwezi ni mtu unayemjua uso na uadilifu wake, anasimama mbele ya kadhi anasema nimeuona. Waya hauna uso. Aliyeupiga ni nani? Je, ni Mwislamu, ni mkweli? Mwanzoni mwa karne ya 20, Jamaluddin al-Qasimi wa Damascus aliandika kitabu kizima juu ya kuifanyia kazi habari ya waya. Baadaye ikaja redio, na swali likarudi kwa sura nyingine. Kisha televisheni, kisha WhatsApp, ambako video ya mwezi wa mwaka mwingine na nchi nyingine husambazwa kama ya usiku huu.

Ndiyo nasema "-ni" imenyooshwa. Maandiko ni yaleyale. Kilichobadilika ni idadi ya watu tunaoweza kuwasikia kabla ya alfajiri.

Na hapa pana jambo ambalo wengi wa upande wetu wa pwani hatulisemi. Tunaona kwamba mwezi wa kimataifa, yaani wa kuonekana popote duniani, ndio mgeni, na mwezi wa kitaifa, unaotangazwa kwa nchi moja, ndio wa wazee. Lakini kitabu gani cha Kishafii kilijua mpaka wa Horohoro na Lungalunga? Tanga na Vanga ni matlai moja, hata mtoto anajua. Mombasa iko karibu zaidi na Pemba kuliko ilivyo karibu na Mandera, lakini tangazo la Kadhi Mkuu wa Kenya linawafunga watu wa Mandera wala haliwafungi Wapemba. Kwa mwezi wa kitaifa tumechukua upeo wa anga tukaukata kwa ramani iliyochorwa na wakoloni. Hilo nalo ni mabadiliko makubwa, ila limeingia kimyakimya kwa sababu lilikuja na sikukuu ya serikali na likizo ya kazini.

Fikihi, elimu ya sheria za Kiislamu, ina mlango wake kwa jambo hilo. Ni ile kanuni kwamba hukumu ya mtawala huondoa khitilafu: kauli zikiwa mbili na mwenye mamlaka akachagua moja, watu waifuate ili wasigawanyike. Kwa mlango huo wanaingia Kadhi Mkuu wa Kenya, ambaye mahakama zake zimo ndani ya Katiba ya 2010, Mufti wa Zanzibar chini ya sheria ya mwaka 2001, na Mufti wa BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania lililoundwa mwaka 1968. Wanaopinga hujibu kwamba mamlaka hayo ni ya dola isiyo ya Kiislamu, au kwamba chombo fulani hakiwakilishi Waislamu wote. Ukisikiliza vizuri, ubishi mwingi wa mwezi ni ubishi wa nani ana haki ya kutusemea. Mwezi unabebeshwa mzigo usio wake.

Upande mwingine nao una mchanganyiko wake. Mwezi wa kimataifa na mwezi wa Saudia si kitu kimoja. Anayesema kuonekana popote kunatosha, akubali na Senegal, na Chile, na Afrika Kusini, mradi mashahidi ni waadilifu. Kuwepo kwa Makka na Madina katika nchi fulani ni heshima kubwa, lakini hakuna kauli ya wale maimamu iliyosema kwamba watu wa nchi hiyo ndio wanaouonea ulimwengu mzima mwezi.

Vipi kuhusu hesabu?

Kuna kundi la tatu linalosema tuache kupanda juu ya mapaa, tuhesabu. Watu huliona kama jambo la jana, la wasomi wa vyuo vikuu. Waulize majirani zako Mabohora, wale Mashia wenye asili ya India, wa Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam. Wao wanafuata kalenda iliyohesabiwa tangu enzi za Wafatimi wa Misri, zaidi ya miaka 1000 iliyopita. Ramadhani yao ina siku 30 kila mwaka, hawasubiri tangazo la mtu, na mara nyingi hutangulia wengine kwa siku moja au mbili.

Kwa Wasunni mambo yalikuwa mazito zaidi, na sababu ni ile hadithi kuwataja watu kuona. Hapo mtu huuliza, na huuliza kwa haki: mbona nyakati za sala tunazisoma kwenye ratiba iliyobandikwa msikitini? Hakuna anayepima tena kivuli cha kijiti ili ajue adhuhuri imeingia. Kama hesabu inafaa kwa sala mara tano kwa siku, kwa nini isifae kwa mwezi mara moja?

Jibu la kale nalipenda kwa usafi wake. Al-Qarafi, Mmaliki wa Misri aliyefariki mwaka 1285, alisema sala imefungamanishwa na wakati wenyewe: jua likipinduka sala imewajibika, ukiwa umejua kwa njia yoyote. Funga haikufungamanishwa na mwezi kuwepo angani, imefungamanishwa na kuonekana kwake. Wenye hesabu hujibu kwa hadithi nyingine, isemayo sisi ni umma usiojua kuandika wala kuhesabu. Ahmad Muhammad Shakir, kadhi na mtaalamu wa hadithi wa Misri, aliandika mwaka 1939 kwamba kuona kulikuwa njia ya watu wasiohesabu, na umma ukishajua kuhesabu sababu imeondoka.

Hoja hiyo imepata nguvu zaidi kwa Waislamu wanaoishi ugenini. Mswahili aliyeko Toronto hawezi kumwambia msimamizi wake kazini kwamba huenda nikaja kesho au nisije, nasubiri mwezi. Shule inataka barua wiki mbili kabla, na ukumbi wa sala ya Idi unakodiwa na kulipiwa mapema. Mwaka 2006 Baraza la Fikihi la Amerika Kaskazini likaamua kutumia hesabu. Huko Indonesia, jumuiya kubwa ya Muhammadiyah imehesabu kwa miaka mingi huku wenzao wa Nahdlatul Ulama wakishika kuona, na nchi moja imebeba Idi mbili mara kadhaa bila kupasuka.

Kuna na njia ya katikati, na hiyo ndiyo ninayoiona ya haki zaidi. Taqiyyuddin as-Subki, Mshafii aliyefariki mwaka 1355, alisema hesabu haitoshi kuthibitisha mwezi, lakini inatosha kukataa ushahidi usiowezekana. Yaani jicho libaki kuwa shahidi, na hesabu iwe ndiyo inayomhoji. Malaysia, Indonesia, Brunei na Singapore wanafanya jambo linalokaribiana na hilo. Wameweka kiwango: mwezi uwe angalau digrii 3 juu ya upeo na digrii 6.4 kutoka kwenye jua, la sivyo dai la kuuona halipokelewi.

Sasa rudi kwenye jioni ile ya Machi 29, 2025. Siku hiyohiyo kulikuwa na kupatwa kwa jua, kulikoonekana sehemu za Ulaya na kaskazini-magharibi mwa Afrika. Kupatwa kwa jua maana yake ni mwezi kukaa kati yetu na jua, ndiyo dakika ya kuzaliwa kwake, na siku hiyo ilikuwa karibu saa nane mchana kwa saa zetu. Jua lilizama Makka saa kumi na mbili na nusu na dakika chache. Mwezi ulikuwa na umri wa saa nne na nusu hivi, umeliacha jua kwa digrii mbili tatu. Rekodi inayoaminiwa na wanafalaki ya mwezi mchanga kuliko yote kuonwa kwa jicho tupu ni ya umri wa saa 15 na ushei. Kwa kauli ya as-Subki, ushahidi wa jioni ile ungerudishwa. Kwa kauli ya wanaosema shahidi mwadilifu akiapa inatosha, ulipokewa. Simtuhumu shahidi kwa uongo. Jicho linalotamani kuona huona, na kila aliyewahi kusimama ufukweni na watoto jioni ya mwezi 29 analijua hilo.

Barazani wanasemaje

"Mwezi ni mmoja, basi Idi iwe moja." Jua nalo ni moja, lakini mtu wa Kigoma hufuturu dakika zaidi ya thelathini baada ya mtu wa Dar es Salaam na hakuna anayemwambia amegawa umma.

"Tazama ulivyo mkubwa, huu ni wa jana." Mwezi ambao jana ulikuwa na saa 12, haukuweza kuonekana, leo una saa 36 na umenona. Ukubwa hauthibitishi kitu. Watu wa kizazi kilichowafuata Masahaba walibishana hivyo, mmoja akisema ni wa siku mbili na mwingine wa siku tatu, na Ibn Abbas akawajibu kwamba ni wa usiku ule mliouona.

"Siku ya Arafa haina mjadala, tufunge mahujaji wakisimama." Hapa nakiri ugumu ni wa kweli, kwa sababu Arafa ni mahali na ni tukio. Wapo wanaosema funga yake inafuata kisimamo cha mahujaji, wanachokiona mubashara kwenye televisheni. Wengine wanasema ni tarehe tisa ya Mfungo Tatu kwa hesabu ya mahali ulipo, kama Ashura ilivyo tarehe kumi. Lakini kumbuka kwamba kabla ya waya na redio, mtu wa Lamu alijua siku mahujaji waliyosimama pale walioenda walipomrudia, miezi baadaye. Aliifunga Arafa vipi muda wote huo? Alihesabu kutoka mwezi aliouona mwenyewe.

Nyumba zinazoumia zaidi ni zile zenye mwezi mbili chini ya paa moja. Baba amefungua, mama anafunga, watoto hawajui wavae nguo mpya leo au kesho, na bibi analia kwa sababu pilau ya Idi haijawahi kuliwa na nusu ya familia. Nao wana mlango katika vitabu. Washafii walimjadili mtu aliyeuona mwezi wa Mfungo Mosi peke yake, akaenda kushuhudia, kadhi akamkataa. Hawakumwambia aendelee kufunga dhidi ya alichokiona, wala hawakumruhusu kuwatangazia watu Idi yake. Wakasema afungue, na ale kwa siri. Amkapo kesho yake, avae vizuri akasali Idi na wenzake.